Mume Namba Mbili kwenye Rauta ya Ploti

Nilipoyaona yale maneno kwenye simu ya jirani, nilikuwa na nepi mkononi, bado inadondosha maji ya sabuni. Jirani huyo wa nyumba namba tatu alikuwa amekuja kwenye kamba za kuanika akijifanya anatafuta vibanio vyake. Hakuwa na nguo hata moja ya kuanika. Alinisogezea simu karibu na uso akasema, "Mama Mtoto, usikasirike, lakini ona vile wameandika."

Ilikuwa ile programu ya rauta, kile kisanduku kinachogawa WiFi. Ukiifungua inakuonyesha kila kifaa kilichoshika WiFi ya ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Migori: televisheni ya nyumba ya kwanza, simu za wale walimu wawili wa nyumba ya sita, kompyuta ya mwenye ploti siku akija. Kila kifaa kina jina lake, na chini ya jina kuna anwani yake, yaani ule mstari wa herufi na namba ambao kifaa hujitambulisha nao kwa rauta. Simu yangu pia ilikuwepo. Haikuwa na jina langu. Iliandikwa: MUME NAMBA MBILI, NYUMBA TANO.

Nyumba tano ni yangu. Mume namba moja yuko kisiwa cha Remba, ananunua mbuta kwa wavuvi. Mume namba mbili hayuko wala hajawahi kuwepo. Ni simu.

Nepi niliiangusha kwenye tope. Nilivuka uwanja miguu mitupu, nikaingia chumba cha msimamizi wa ploti bila kubisha, nikamkuta anakunywa chai na mandazi. Rauta ilikuwa ukutani juu ya kitanda chake, taa zake zinametameta kama ina furaha. Nilipanda kitandani na matope yangu, nikakanyaga shuka lake, nikaing'oa rauta pamoja na msumari.

"Chiwa!" akapiga kelele. "Chiwa, umeingiwa na nini?"

"Niite hivyo tena," nikamwambia. "Niite hivyo mara moja tu uone kama hii kitu haitaingia kwa hiyo chai."

Chiwa ni neno la Kijaluo, maana yake mke wetu. Watu wa ukoo wa mume wako hukuita hivyo, na wengi hulisema kwa upendo: ukiolewa na mmoja, umeolewa katika boma zima. Mimi ni Mkuria wa upande wa Isebania. Sikukua na neno hilo, lakini kwa wazee nimelizoea na huitikia vizuri. Huyu msimamizi anatoka Kosele, maboma machache kutoka kwa mama mkwe wangu. Tulipohamia hii ploti mume wangu alifurahi sana. "Uko na ndugu hapo," alisema. "Atakuwa anakuangalia."

Aliniangalia kweli.

Shida ilianza siku kampuni ya WiFi ilipokuja kufunga mtandao wa ploti nzima. Walifunga rauta moja, wakaiweka kwa msimamizi kwa sababu chumba chake ndicho kiko katikati. Sasa, rauta ina maneno ya siri mawili, na watu wengi hawajui. La kwanza ni la kuingia kwenye mtandao. Hilo tulipewa sote. La pili ni la kuingia ndani ya rauta yenyewe, uone nani ameshika, umpe mtu jina, umfunge, umfungue. Hilo la pili linakuja limebandikwa kwenye karatasi chini ya rauta, na anayefunga anatakiwa alibadilishe kabla hajaondoka. Hawakulibadilisha. Msimamizi akageuza rauta, akasoma, na kuanzia siku hiyo akawa serikali.

Alikuwa anakalia mtungi wake wa plastiki pale langoni, simu mkononi, anatuita kama anasoma majina shuleni. "Mwalimu, leo hukuenda kazi? Naona simu yako imelala nyumbani." "Mama wa namba mbili, kijana wako ameamka, ameshika mtandao kabla hajanawa uso." Watu wanacheka. Mtu akichungulia dirishani kwako unamrushia maji. Akichungulia kwa rauta, watu wanasema ni mchangamfu.

Kisha mume wangu akaja kutoka kisiwani na zawadi ndani ya mfuko mweusi wa nailoni. Simu. "Mpya, Mama Mtoto," akasema. Kioo kilikuwa na mkwaruzo pembeni na kava ilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Sikuuliza kitu. Mimi huuza nguo za watoto za mtumba, na wateja wangu nawaonyesha kwa video moja kwa moja nikifungua furushi, kwa hivyo simu yenye kamera nzuri kwangu ni kazi. Nikaiunganisha na WiFi. Yeye akarudi ziwani.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja napita langoni na mtoto mgongoni, msimamizi akaniita kwa ile sauti tamu.

"Chiwa, mgeni wako ni nani?"

"Mgeni gani?"

Akanisomea jina. Jina la mwanamume, lile ambalo Wajaluo humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku. Wenye jina hilo ni wengi kama omena. "Na jina lenyewe ni la usiku," akasema, akacheka peke yake. "Yuko kwa nyumba yako saa hii. Ndugu yangu akiwa ziwani."

Nilirudi ndani nikaanza kuchimba ile simu. Nilifika mahali pameandikwa Kuhusu Simu, na hapo juu kabisa, Jina la Kifaa, nikamkuta bwana mwenyewe. Mwenye simu wa kwanza alikuwa ameandika jina lake, na simu ilikuwa inajitambulisha nalo kila mahali inapoingia. Nilimpelekea msimamizi nikamwonyesha. Alisoma polepole huku anasogeza midomo, kisha akanirudishia.

"Sawa. Lakini mbona wako wawili?"

Na kweli kwenye rauta jina lilikuwa mara mbili. Nilikaa chini nikatafuta mtandaoni mpaka nikaelewa, na nitalieleza hapa kwa sababu mwanamke mwingine anaweza kuponzwa nalo. Rauta yetu hutoa mitandao miwili yenye majina tofauti: mmoja unafika mbali lakini ni mzito, mwingine ni mwepesi lakini ukuta unauzuia. Simu yangu iliwahi kushika yote miwili. Simu za siku hizi hazipendi kutoa anwani yao ya kweli; kwa kila jina la mtandao zinabuni anwani nyingine, eti zikulinde usifuatiliwe. Kwa hivyo simu moja, anwani mbili, jina moja. Rauta haina akili ya kujua. Inahesabu wawili.

Nilimweleza hayo yote nimesimama juani, mtoto ananivuta hereni.

"Kwa hivyo ni ndugu wawili wa jina moja," akasema.

"Ni simu moja."

"Ngoja nimfunge mmoja tuone."

Akabonyeza. Simu yangu ikakatika, nikaihamisha kwenye ule mtandao mwingine nimalizie wateja wangu. Nikasikia anawaambia wanawake wa ploti kule nje, "Jamani, huyu jamaa ni mjanja! Nimemfungia huku, ametokea kule!"

Nilidhani ni upuzi utakaoisha. Kumbe msimamizi alikuwa ameshapeleka habari kwao. Ijumaa mama mkwe akapiga simu: Jumapili nije Kosele, nije na mtoto. Jumapili kwa sababu kwao Jumamosi ni Sabato, siku ya ibada, na mambo kama yangu hayazungumzwi siku ya Sabato.

Nilimkuta na shemeji mkubwa, kaka ya mume wangu, wameketi kwa vitambaa vyeupe vya sofa. Walizungumza Kijaluo juu ya kichwa changu kwanza, halafu wakanigeukia kwa Kiswahili, kama watu wanaofungua mlango nusu.

"Nyar Kuria," mama mkwe akasema. Binti ya Wakuria. Siku akinipenda huniita nyathina, mwanangu. "Huyu mwanamume ni nani?"

"Ni simu, mama. Si mtu."

"Simu iko na jina la mtu."

Nilimpa shemeji ile simu aone mwenyewe. Sikuwa nimelifuta lile jina, makusudi, ili waone lilipotoka. Akalisoma akatikisa kichwa. "Mama, jina liko kweli." Kama vile mimi nilikuwa nimekana.

"Ni la mwenye simu wa kwanza," nikasema. "Hii simu ni mtumba kama nguo ninazouza. Nguo zingine huja na jina la mtoto wa Ulaya limeshonwa kwa kola. Mimi sijazaa na Mzungu."

Shemeji alicheka. Mama yake akamtazama, kicheko kikarudi tumboni.

"Bwanako alituambia ni mpya," mama mkwe akasema. "Mpigie."

Tukampigia, sauti ikawekwa kubwa. Nyuma yake kulikuwa na injini ya boti na mwanamke anabishania bei ya samaki.

"Simu ya mkeo ulinunua wewe?"

"Mimi, mama."

"Mpya ama ya mtu?"

Yule mwanamke wa samaki aliongea peke yake kwa muda.

"Mpya, mama."

Nilimwambia, "Baba Mtoto, sema ukweli. Uliitoa kwa nani?"

"Mtandao hapa ni mbaya," akasema, akakata.

Hapo ndipo nilielewa nimeolewa na mtu wa namna gani. Alikuwa ameringia mama yake kwamba amenunulia mke simu mpya, na kati ya kuaibika kwa simu ya mitumba na mimi kuitwa malaya, alichagua mimi niitwe malaya. Sijamsamehe. Hili silisemi kwa hasira ya siku ile peke yake.

Nikasema sawa, basi mpigieni huyo msimamizi wenu. Shemeji akampigia, naye alikuwa amekaa tayari anasubiri kuitwa.

"Fungua rauta yako," nikamwambia. "Huyo mwanamume yuko kwa ploti saa hii?"

"Ngoja... Hayuko. Ametoka."

"Ametoka lini?"

"Asubuhi mapema, chiwa."

"Mimi nilitoka lini?"

"Asubuhi mapema."

"Basi? Simu si niko nayo hapa Kosele? Mbele ya mama?"

Nikafikiri nimeshinda. Nikamtazama mama mkwe, naye alikuwa ananitazama kama mtu anayeanza kuona. Halafu ile sauti ikasema pale mezani, taratibu:

"Labda mmesafiri pamoja."

Mama mkwe akageuza uso akachungulia barabarani. Naapa. Aliinama kidogo ili aone mpaka chini ya ua, kama kuna mtu amejificha pale ananingoja.

Uamuzi aliutoa bila kupandisha sauti. "Mtoto bado ananyonya. Nenda naye. Lakini nikisikia tena jina la mwanamume kwa nyumba ya mwanangu, mjukuu wangu atakaa hapa, na wewe utajua pa kwenda." Halafu akaingia jikoni akanifungia viazi vitamu kwa gunia dogo, akaniwekea na mbegu za kunde. Viazi ndivyo viliniuma. Angenitukana ningejua niko wapi.

Stendi ya Oyugis, nikingoja gari, nilimweka mtoto mapajani nikafuta jina la yule mtu, nikaandika langu, yote matatu. Nikaenda mbele nikaiambia simu iache kubuni, itumie anwani yake ya kweli, ile moja, kwenye mitandao yote miwili. Simu moja, anwani moja, jina moja la mwanamke. Nilipofika Migori nilimwendea msimamizi kwa heshima kabisa. Nilimwomba afute majina ya zamani.

"Nitasafisha, chiwa. Usijali."

Alisafisha. Alifuta wale wawili, na simu yangu ilipoingia ikijitambulisha kwa jina langu, akabonyeza jina hilo, akaandika lake alilobuni. Na rauta iko hivi: inamsikiliza mwenye ufunguo kuliko kifaa chenyewe. Simu yangu ingejitambulisha mpaka ichoke, yale aliyoandika yeye ndiyo yanabaki juu. Halafu akawapa majirani lile neno la siri la pili, eti wamsaidie kuangalia. Ndivyo nilivyokuja kuyaona nikiwa na nepi mkononi.

Sasa nilikuwa juu ya kitanda chake na rauta kifuani, na yeye chini na kikombe.

"Ni mzaha tu," akasema. "Hata nyumbani wamecheka."

"Nyumbani wapi?"

"Kosele. Nilipiga picha ya skrini nikaweka kwa kundi la ukoo."

Sikumpiga. Watu wa ploti wanasema nilimpiga, sikumpiga. Nilishuka, nikapita kwangu nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka na rauta kwapani, waya unaburuta vumbini. Huku nyuma kila mlango ulifunguka. "Mama Mtoto, filamu yangu!" "Mama Mtoto, nilikuwa kwa mkutano wa kazi!" Nikawaambia wakamwangalie msimamizi, yeye ndiye televisheni.

Nilikuwa sijafika ofisi ya kampuni simu ikalia. Mume namba moja.

"Mama ameona picha," akasema. "Anasema kesho shemeji anakuja kuchukua mtoto."

"Mpigie saa hii umwambie simu ulinunua kwa nani."

"Nitamweleza nikirudi. Haya si mambo ya kuongea kwa simu."

"Mwambie leo ama usirudi."

Safari hii nilikata mimi.

Msichana wa kaunta alinitazama, akatazama mtoto, akatazama rauta na ule msumari uliokuwa bado unaning'inia.

"Madam, hiyo rauta ni mali ya kampuni."

"Najua. Nimewarudishia mtoto wenu."

"Shida ni gani? WiFi inakwama?"

"WiFi iko na mdomo."

Akaniambia mambo ya majina ni mambo ya ploti, wao hawahusiki. Nikamuuliza nani alimwachia msimamizi neno la siri la ndani. Akaita fundi. Fundi akageuza rauta, akaona ile karatasi ya chini, akakuna shingo.

"Hii ilifaa ibadilishwe siku ya kufunga."

"Ilifaa ibadilishwe na nani?"

Fundi akatoa kijiti chembamba cha kubonyezea kile kitundu cha nyuma. "Wacha niiondolee kila kitu, irudi kama mpya. Itasahau majina yote."

Nilimpokonya rauta. "Ikisahau, mimi nitabaki na nini? Kosele haitasahau. Kwanza iwashe, usome kilichoandikwa humo, usome na anwani iliyo chini yake, halafu usome anwani iliyo kwa simu yangu."

Aliiwasha. Akasoma moja, akasoma nyingine, herufi kwa herufi, mtoto akimjibu kila namba kwa kelele zake. Zilikuwa sawa. Msichana wa kaunta akanisogezea fomu yao ya malalamiko, yenye visanduku vya kuweka alama: mtandao mzito, mtandao umekatika, waya umeliwa na panya. Nikamwambia anipe karatasi tupu. Niliandika nikiwa nimesimama, na hiki ndicho nilichoandika na wakapokea:

Kwa Meneja. Nakala kwa mwenye ploti.

KUH: SIMU YANGU KUITWA MUME KWENYE RAUTA YENU

Mimi ni mpangaji wa nyumba namba tano. Nalalamika rasmi kwamba mlifunga rauta katika ploti yetu mkaacha neno la siri la ndani likiwa limebandikwa chini yake, na msimamizi wa ploti akalitumia kutazama nani yuko nyumbani na nani ametoka, kuniandikia jina la aibu, na kulituma kwa wakwe zangu. Mlijua linatakiwa kubadilishwa. Fundi wenu amesema hivyo mbele yangu na mbele ya mtu wenu wa kaunta.

Nataka neno hilo libadilishwe leo na lisipewe msimamizi wala mpangaji yeyote, mimi nikiwemo. Nataka vifaa vyote vya ploti viitwe namba ya nyumba basi, bila jina la mtu, na asiwepo wa kuandika majina upya. Nataka mwenye ploti aambiwe kwa maandishi kilichofanyika, ili aamue kama huyo bado ni msimamizi wake.

Zaidi ya yote nataka barua ya kampuni, kwa Kiswahili rahisi, iseme kwamba anwani iliyo chini ya maneno MUME NAMBA MBILI ndiyo anwani ya simu yangu, kwamba mmezilinganisha wenyewe, na kwamba hakuna mwanamume yeyote anayeonekana kwenye rauta hiyo katika nyumba namba tano. Barua ipigwe muhuri. Mama mkwe wangu haamini rauta, haniamini mimi, na mwanawe hawezi kusema kweli, lakini muhuri anauamini.

Kesho shemeji yangu anakuja kumchukua mtoto wangu. Barua hiyo nitampa yeye aende nayo badala ya mtoto.

Sitaondoka ofisini bila hiyo barua. Mtoto amenyonya, na kwa mfuko niko na nepi za kutosha.